Karai halishiki, detekta inalia ovyo: anza na dalili kabla hujanunua kifaa kingine

Anayeanza kutafuta dhahabu au sarafu za zamani hapa Tanga hununua vifaa kwa mpangilio ule ule. Kwanza detekta, ile mashine ya kusikia metali ardhini, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye video. Halafu karai. Mwisho, kwa chenji iliyobaki, kitu cha kuchimbia. Mimi ningeupindua mpangilio huo: chombo cha kuchimbia ndicho kinachobeba kazi, karai linafuata, na detekta ije mwisho, tena si kila mtu anaihitaji. Lakini wengi wameshanunua, na maswali yao ni ya mtu aliyeshika kifaa mkononi na hakimpi kitu. Basi twende kwa dalili.

Kabla ya dalili yoyote, jibu swali hili: unatafuta nini, na wapi? Dhahabu ya Handeni na Kilindi, na ile iliyowakimbiza watu Sakale kule Amani mwaka 2003 na 2004, ikishafika mtoni ni vumbi na chembe. Vumbi hilo halisikiwi na detekta. Linataka maji na karai. Pwani mambo ni mengine. Raskazone, Sahare, Mwambani, mpaka kusini Pangani, utakachokuta ni pete iliyomponyoka mtu kidoleni, hereni, sarafu, chubwi za wavuvi na vizibo vya soda visivyo na idadi. Huko karai halina kazi. Aliyepeleka detekta mtoni na karai ufukweni vifaa vyake ni vizima. Amekosea njia tu.

Unaosha na kuosha, karai linabaki tupu

Usiulaumu mto bado. Lijaribu karai nyumbani kwanza. Nunua chubwi ya mshipi, ile ya risasi wanayotumia wavuvi, uikate vipande vidogo kama punje za mchele, kisha uvigonge bapa kwa nyundo. Hesabu 10, vifukie kwenye mchanga wa ujenzi uliojaa karai, uoshe juu ya beseni kubwa ili kisipotee kitu. Risasi ni nzito kuliko maji mara 11 na ushei, dhahabu safi mara 19, na mchanga wa kawaida wa mawe meupe mara 2.65 tu. Mkono unaoweza kubakiza risasi utabakiza dhahabu. Vikirudi 9 au 10, karai na mkono havina kasoro, nenda katafute mahali pengine pa kuchimba. Vikirudi 5, hata ukipelekwa kwenye mkondo bora kuliko yote Kilindi utamwaga nusu ya mali yako kwa mikono yako mwenyewe. (Nawa kwa sabuni ukimaliza. Risasi ni sumu, na watoto wasiichezee.)

Jaribio likishindwa, chunguza mambo haya, na la kwanza ni mafuta. Karai jipya la plastiki hutoka kiwandani na utando wa utelezi, na dhahabu laini sana hukataa kulowa, ikapanda juu ya maji na kuondoka nayo. Utaiona: chembe za njano zinaelea na kuzunguka juu badala ya kuzama. Lisugue karai kwa sabuni ya vyombo na mchanga laini mpaka lipoteze mng'ao wa dukani. Kisha tazama mikono yako. Tanga tunajipaka mafuta ya nazi tangu utoto, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayokuibia mtoni. Kunawa kwa sabuni kabla ya kuosha, na tone moja la sabuni ya maji kwenye ndoo, hutatua kesi nyingi ambazo watu walishakata shauri la kununua karai jingine.

Sababu ya pili ni kuosha mchanga usiochekechwa. Jiwe kubwa ndani ya karai linapogongagonga huichafua ile mipangilio ya tabaka unayoitafuta, na unapolitoa kwa mkono unatoka na matope yaliyoshikilia chembe. Huhitaji chekeche la dukani. Ndoo ya lita 20, kata kitako, fundi akufungie wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hivi. Wavu wa kuku haufai. Matundu yake ni makubwa na unalegea ukibeba mawe. Jiwe lisuguliwe ndani ya maji kabla ya kutupwa.

Ya tatu ni udongo mfinyanzi. Udongo mwekundu wa milimani unashika dhahabu na kuviringika nayo hadi nje ya karai ukiwa bonge zima. Ukiona mabonge madogo yanatoka mdomoni mwa karai, simama. Yavunje ndani ya ndoo kwa vidole mpaka yaishe kabisa, mwaga maji ya tope juu juu, rudia, ndipo utie kwenye karai. Kazi hii inachosha na haina raha yoyote. Ndiyo maana watu wanairuka.

Ya nne ni mwendo wa mkono. Wanaoanza huzungusha karai tangu mwanzo, kwa kuwa ndivyo wanavyoona wengine wakifanya. Kuzungusha ni kwa mwishoni. Mwanzoni karai likae sawa, chini ya maji, ulitikise kushoto na kulia kwa nguvu ili kizito kishuke. Baada ya hapo ndipo unaliinamisha na kuliacha maji yaondoe kilicho juu, kidogo. Halafu unalirudisha sawa na kutikisa tena. Anayeinamisha bila kurudi kutikisa anamwaga tabaka ambalo bado halijajipanga.

Na karai lenyewe? Lile la chuma la mafundi ujenzi linatumika machimboni, na mchimbaji mzoefu anaoshea vizuri tu, lakini uzoefu ni wa mkono wake, chuma hakina uzoefu. Kitako chake ni cha mviringo, halina matuta ya kuzuia chembe, na sumaku inanata kwenye karai lenyewe, kwa hiyo huwezi kuondoa mchanga mweusi kwa sumaku ukiwa humo. Ukiwa nalo tayari, lichome kwenye jiko mpaka rangi igeuke ili mafuta ya kiwandani yateketee. Kama unanunua, chukua la plastiki lenye matuta upande mmoja, upana wa sentimita 35, rangi ya kijani au buluu. Karai jeusi linaonyesha dhahabu vizuri lakini linaficha mchanga mweusi, na mwanafunzi anahitaji kuona vyote viwili ili ajue amefika wapi. Makubwa zaidi ya hapo yanavutia dukani. Likijaa changarawe na maji, karai la sentimita 35 peke yake linaweza kufika kilo 8 au zaidi, na unalishika mikono ikiwa imenyooka mbele, umechuchumaa. Mgongo utakwambia kabla ya saa moja kwisha.

Mchanga mweusi hautoki mwishoni

Hii si kasoro, lakini huwatia watu wasiwasi mpaka wanamwaga kila kitu. Mchanga wa milima yetu una magnetiti na ilmeniti, madini meusi yenye chuma, na chembe nyekundu za garneti. Magnetiti ni nzito mara 5 na kidogo kuliko maji, garneti mara 4 hivi, kwa hiyo zinashuka pamoja na dhahabu na kukaa nayo hadi dakika ya mwisho. Anayetaka kuzimaliza palepale mtoni, jua linampiga na miguu imekufa ganzi, atapoteza chembe. Mimina mabaki kwenye chupa, malizia nyumbani kwa karai dogo au sahani bapa, kidogo kidogo.

Sumaku husaidia mchanga ukishakauka. Ivishe mfuko wa nailoni kwanza, ipitishe juu ya mchanga bila kugusa, kisha vua mfuko na mchanga uanguke pembeni. Wengi hunijia wakidai wameuziwa sumaku feki kwa sababu mchanga mweusi mwingi umebaki. Sumaku ni nzima. Inavuta magnetiti, ilmeniti inavutwa kwa udhaifu sana na garneti karibu haivutwi na sumaku ya kawaida. Hizo zinaondolewa kwa maji tu.

Utashawishiwa kutumia zebaki. Usikubali. Zebaki inakamata dhahabu kweli, lakini mvuke wake unapochomwa unaingia kichwani na kwenye figo, na inayomwagika inaishia kwa samaki. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Minamata unaolenga kuipunguza na kuiondoa. Kwa mwanafunzi mwenye robo gramu chupani, chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba ya kunyonyea, au bomba la sindano lisilo na sindano, vinatosha kabisa kuokota chembe moja moja.

Inang'aa juani, lakini mnunuzi ameirudisha

Ni ulanga. Miamba ya Usambara imejaa ulanga, na kwenye maji ya kina kifupi saa nne asubuhi unameta kuliko dhahabu yenyewe. Weka kivuli cha kofia juu ya karai. Dhahabu hubaki njano ile ile kivulini. Ulanga hufifia, na ukiligeuza karai unameta na kuzimika kwa zamu. Bado una shaka? Choma kwa ncha ya pini. Dhahabu inabonyea, ulanga unachanika tabaka tabaka, pirati, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, inavunjika kuwa unga mweusi. Chembe nyekundu na za buluu usizitupe ovyo pia, hasa ukiwa kaskazini mwa mkoa: Bonde la Umba linajulikana kwa yakuti na garneti, na jicho la mtu wa vito ni bora kuliko langu.

Detekta inalia kila unapoipeleka

Inua sahani yake, ile sehemu bapa ya chini inayosikia metali, juu usawa wa kiuno, mbali na ardhi, na utulie. Jaribio hili la sekunde chache linagawa tatizo mara mbili.

Ikiendelea kulia hewani, ardhi haina hatia. Tazama juu: uko chini ya nyaya za umeme? Tazama mfukoni: simu imewashwa data? Nyaya, simu, mnara wa mawasiliano, hata mwenzako mwenye detekta ya aina ileile mita chache kando, vyote huingilia. Zima data, sogea, badili chaneli kama mashine ina uwezo huo, punguza usikivu. Kisha angalia waya wa sahani. Ukiwa umelegea kwenye mti wa mashine, kila ukipunga nao unapunga na mashine inadhani kuna kitu. Uviringishe vizuri, uufunge. Na betri, betri zikikaribia kwisha, mashine nyingi huanza kusema uongo kabla ya kuzimika.

Ikinyamaza hewani na kulia ukiishusha, ni ardhi. Pwani sababu ya kwanza ni chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme, na detekta ya bei nafuu ya masafa mamoja, yaani inayotuma mawimbi ya aina moja tu, inausikia kama metali. Ndiyo maana mashine iliyofanya vizuri juu, kwenye mchanga mkavu chini ya mikanju, inageuka kichaa hatua chache kutoka kwenye maji. Pwani ya Tanga ina jingine la ziada: michirizi ya mchanga mweusi mzito, ile unayoiona wimbi likirudi. Chumvi na mchanga mweusi vikikutana, mashine ya masafa mamoja haina ujanja. Punguza usikivu, sawazisha mashine na udongo upya kila unapohama, pitisha polepole ukiwa umeinua sahani kidogo. Isiposaidia, fanya kazi kwenye mchanga mkavu tu, na ukija kununua nyingine tafuta inayotumia masafa mengi kwa wakati mmoja. Zile za aina ya PI, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, hazijali chumvi, lakini nyingi haziwezi kutenganisha msumari na pete, kwa hiyo utachimba kila kitu. Ufukwe wenye misumari ya majahazi utakukomesha.

Bara, kwenye udongo mwekundu wa Handeni, chanzo ni chuma kilichomo ndani ya udongo wenyewe na ndani ya mawe. Jiwe moja la kahawia linaweza kutoa mlio safi kabisa. Liokote, lipitishe mbele ya sahani: likilia, umeshapata jibu. Huko ndiko ulinganifu wa udongo, kule kusawazisha mashine na ardhi, unakofanya tofauti kubwa, na mashine isiyo na kitufe hicho usiinunue kwa ajili ya bara, hata ikiuzwa nusu bei.

Masafa nayo yana maana yake. Mashine za masafa ya chini, kati ya kilohezi 5 na 15, zinapenda sarafu na vitu vikubwa. Kipande kidogo cha dhahabu kinazipita. Za kuanzia kilohezi 40 kwenda juu zinasikia vipande vidogo lakini hulalamikia chumvi na udongo wa chuma zaidi. Na ukiweka kichujio cha chuma juu sana ili usisumbuliwe na takataka, ujue umeziba na dhahabu: pete nyembamba na kipande kidogo cha dhahabu vinasomeka mahali pamoja na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hilo ndilo linalowaudhi watu kuliko yote, na halina dawa isipokuwa kuchimba.

Mlio ni mzuri, unachimba, hakuna kitu

Mara nyingi kitu umeshakitoa, kimo kwenye lundo la udongo pembeni. Kabla ya kuongeza kina, pitisha detekta juu ya lundo. Halafu juu ya shimo. Kinacholia ndicho chenye kitu. Wanaoruka hatua hii wanaacha shimo la nusu mita na sarafu imelala miguuni mwao.

Kama lundo limenyamaza na shimo linalia pembeni, hukupata kitovu. Pitisha sahani kushoto na kulia, kisha geuka robo na upitishe mbele na nyuma. Panapokutana milio ndipo penye kitu. Sarafu nyingi ziko ndani ya sentimita 20 za juu. Ukifika chini ya hapo na mlio umedhoofika badala ya kukua, kuna uwezekano ni kipande kikubwa cha chuma kilicho mbali, au ni msumari uliooza: kutu imeenea kwenye udongo kuuzunguka, ukivuruga udongo mlio unapotea. Funika, endelea.

Kile kijiti cha kuchokolea kinacholia kikikaribia metali ni kifaa cha ziada ambacho ningekitetea. Kinasikia sentimita chache tu, na ndiyo faida yake. Lakini kiweke mbali na koleo lako, na mbali na buti zenye bati mbele. Buti hizo, kwa njia, huwatesa watu siku nzima: kila sahani ikirudi karibu na mguu inalia, na mwenyewe anachimba mbele ya vidole vyake.

Chombo cha kuchimbia kimepinda shingoni

Hapa ndipo pesa inapotupwa. Kile kijiko cha bustani chenye mpini wa mbao kilichopangwa kwenye maduka ya pembejeo kimetengenezwa kwa udongo laini wa chungu cha maua. Udongo wa bara wakati wa kiangazi ni mgumu, na mashamba ya zamani ya mkonge yana mizizi iliyosukana chini. Kijiko hicho kinapinda mahali pamoja siku zote, pale bati linapoingia kwenye mpini.

Nenda nacho kwa fundi wa kuchomelea, Ngamiani hawakosekani, ukamwulize kwa nini. Nimemwona mmoja akikishika, akabonyeza shingo kwa dole gumba mbele ya mteja, ikacheza.

"Hapa pamebanwa tu, kaka. Mpini umekula sentimita tatu za chuma, basi."

"Utaweza kukiunga?"

"Nitakiunga, kisha kitapindia hapa juu. Niletee springi ya gari, nikupe kitu."

Jibu lake ndilo ushauri wangu. Kipande cha springi ya gari kikafuliwa na mhunzi, upana wa vidole vitatu, urefu wa kiganja na nusu, chuma kimoja kikipita ndani ya mpini mpaka mwisho, kinashinda vifaa vingi vya kuagiza. Mwambie afanye mambo manne. Ncha iwe butu kidogo, isiwe mkuki, kwa sababu mkuki unatoboa sarafu. Upande mmoja uwe na meno ya kukata mizizi. Upande wa pili ubaki laini, maana siku moja utateleza na mkono utapita pale. Na kwenye mpini pawe na kizuizi cha kukinga vidole visishuke kwenye bati. Chuma cha springi kinashika kutu haraka, kwa hiyo kifute na kukipaka mafuta kila jioni. Ukipenda, yale ya nazi yaliyofukuzwa mtoni yanafaa hapa.

Sururu na mtaimbo viache kwa wachimbaji wa mwamba. Kwa mtafutaji wa sarafu ni vikubwa mno, na vinaharibu. Jembe la mkono linafaa shambani penye ruhusa, pale unapotaka kufungua eneo, lakini usilipige juu ya mlio.

Ukirudi na sarafu iliyochanwa uso, tatizo ni mahali unapoanzia. Watu huchoma chombo katikati ya mlio. Anza kiganja kimoja nje yake, kata duara la robo tatu, fungua udongo upande mmoja kama kifuniko, ukiuacha umeshika nyasi upande wa pili. Tandika kiroba, weka udongo juu yake, tafuta humo. Ukimaliza, mwaga kiroba shimoni na ufunike. Nyasi hazitakufa na mwenye uwanja atakukaribisha tena. Senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na heler za Mjerumani ni shaba, zikikaa ardhini kwenye chumvi zinakuwa laini na kijani. Mkwaruzo mmoja wa meno ya chombo hauondoki. Na usizisugue kwa mchanga zing'ae. Mnunuzi wa sarafu anataka zile chafu.

Pwani kabisa, tupa chombo cha bara. Mchanga uliolowa unajaza shimo kadiri unavyochimba. Unahitaji chota lenye matundu: unachota, unatikisa majini, mchanga unatoka, kitu kinabaki. Matundu ya milimita 12 hivi yanashika sarafu na pete nyingi. Hereni nyembamba na mkufu vitapita, lakini matundu madogo zaidi yanakufanya utikise mpaka mkono uume. Ukitengenezewa kwa bati la mabati, litaoza kwenye maungio ya kuchomelea kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu joto la kuchomelea limeshaunguza zinki inayolikinga. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, ndiyo, ila pwani bei nafuu unailipa mara mbili. Nenda maji yakipwa, hasa kwenye bamvua, na baada ya kusi kukwangua mchanga wa juu.

Umesimamishwa

Na ukisimamishwa, mara nyingi aliyekusimamisha ana haki.

Kuosha mchanga wa mto kutafuta dhahabu ni uchimbaji, na Sheria ya Madini inataka leseni. Usiende peke yako; nenda kwa mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, uombe kuoshea marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwenye mwalo wake, pale anapooshea. Utajifunza mengi zaidi hapo kuliko mahali pengine, na ukipata kitu kitauzwa kwenye soko la madini kwa njia halali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Amani ni hifadhi tangu 1997, na Mto Sigi unaotoka huko ndio unaolisha mabomba ya jiji la Tanga. Vurugu za Sakale zilizuiwa kwa sababu hiyo. Usijaribu huko hata kwa karai moja.

Magofu nayo: Tongoni, yenye msikiti na makaburi yake 40 hivi, Kisiwa cha Toten, na mahali pengine pa aina hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886, na huchimbi bila kibali. Detekta ikionekana huko, utapata tabu ya kujieleza hata kama hukuchimba.

Halafu Raskazone. Waingereza na askari wa Kihindi walishuka pale Novemba 1914 kupigana na Wajerumani, na risasi za vita hivyo bado zinatoka ardhini. Ganda tupu la risasi ni metali tu. Kitu kizito, cha mviringo na kirefu, chenye ncha upande mmoja, usikiguse, usikigonge kutazama kama ni shaba. Weka alama, ondoka, waite polisi.

Mashine ya antena mbili imeelekea mlimani

Hii ndiyo dalili niliyoiacha mwisho kwa sababu haina matengenezo. Ni vijiti viwili vinavyozunguka mkononi, vimefungwa kwenye boksi lenye taa, na muuzaji anasema vinaona dhahabu au rupia za Mjerumani kutoka mita mia kadhaa. Havioni. Mkono ukitikisika kidogo, kijiti kinazunguka. Ndiyo kazi yake yote. Na zile hadithi za rupia inayovuta wembe au kunyanyua punje za mchele hazina msingi: rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, asilimia 91.7 ni fedha na iliyobaki ni shaba, na fedha haivutwi na sumaku wala haivuti kitu.

Kama umeshapewa mashine hiyo uijaribu kabla ya kulipa, omba ndoo tano. Mtu wa tatu, asiyekuwa wewe wala muuzaji, afiche pete ya dhahabu chini ya moja wakati nyote wawili mko nje, kisha naye aondoke kabla hamjaingia ili uso wake usimsaidie mtu. Rudieni mara 10. Kubahatisha tu kutampa mara 2 hivi. Muuzaji akianza kusema jua ni kali, au pete ni ndogo, au mashine inahitaji madini yaliyokaa ardhini miaka mingi, funga mfuko wako wa hela na uende kwa mhunzi.